Kujinyima kulituokoa, sasa tujifunze kutumia

Kalemie. – Kuko wazee wengi katika mji huu ambao hawajalala njaa tangu miaka mingi, lakini wanakula sawa vile njaa itaingia kesho asubuhi. Watoto wamekua. Mmoja iko na kazi Lubumbashi, mwingine anauza simu sokoni, na kila mwezi kitu kidogo kinaingia kwa M-Pesa ao kwa Airtel Money. Nyumba ni ya kwao. Deni haiko. Lakini baba anavaa miwani yenye kioo kilichopasuka, anatembea kwa miguu toka Lukuga mpaka mjini jua kali, na hata kama ziwa liko karibu na mlango wake, samaki mbichi anaingia jikoni siku ya sikukuu tu. Siku zingine ni bukari, sombe na ndakala chache. Ukimuuliza, anakujibu neno moja: « Nachunga. »

Kuchunga. Kila mtoto aliyekomalia katika jamaa ya mchimbaji analijua neno hilo. Hatuandiki hapa ili kumcheka mzee huyo. Yuko na sababu, tena sababu nzito. Tuanze na hizo, juu mtu hawezi kulegeza mkono kama hajaelewa kwa nini aliukunja.

Pesa iliyokufa mikononi

Zaire, pesa yetu ya zamani, ilizaliwa mwaka 1967. Siku zile zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mtu aliyechunga zaire alijua amechunga kitu.

Halafu ikafika Noeli ya mwaka 1979. Tarehe 25 mwezi wa 12, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na si pesa yote. Aliyekaa karibu na benki alipanga mstari. Mtu wa kijiji cha Nyunzu ao cha Moba, aliyesikia habari siku zimekwisha, alibaki na makaratasi. Pesa ya ng'ombe, ya mahari, ya miaka kumi ya jasho, watoto wakachezea.

Haikuishia pale. Mwanzo wa 1993, noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa nayo wakapora maduka ya Kinshasa. Mwezi wa 10 mwaka ule ule wakatoa zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994, toka mwanzo mpaka mwisho, bei zilipanda karibu mara mia moja. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998 ikaingia franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100 000. Piga hesabu mwenyewe. Kwa kupata franka moja tu, ulipaswa kuwa na zaire ya zamani miliari 300. Na mwezi wa 8 mwaka ule ule, vita ikafika hapa Kalemie.

Mtu aliyepitia hayo yote hakusoma kitabu cha uchumi ili ajifunze kuogopa. Aliogopa kwa mikono yake mwenyewe.

Mgodi pia ulitufundisha

Wengi wetu tuko na baba ao babu aliyetumika Géomines kule Manono, ao Union Minière na Gécamines upande wa kusini. Enzi ile kampuni ilikuwa baba na mama. Ilitoa nyumba, ilitoa posho, ilitoa hospitali na masomo ya watoto. Mfanyakazi alijua kazi ya shimo, lakini kazi ya kugawa pesa mwaka mzima, kampuni ilimfanyia. Siku kampuni ilipoanguka, alibaki peke yake na kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa « départs volontaires » uliolipwa na Benki ya Dunia. Kabla ya pale walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Mpaka leo, ukikaa na watu utasikia wakisema kwamba wazee wale walikula pesa yote kwa pombe na kwa wanawake. Kuko waliofanya hivyo. Lakini pesa mingi ilikwenda kwa madeni, kwa minervali, kwa dawa na kwa kununua mahali pa kulala. Hakuna anayehadithia deni lililolipwa. Wanahadithia pombe. Na mtoto anayesikia hadithi hiyo kila siku anajifunza kwamba kutumia pesa ni haya.

Hapa kwetu, familia za wafanyakazi wa reli zinajua pia mwaka bila mshahara ni kitu gani. Mama aliyelisha watoto saba kwa shamba la mihogo na kikapu cha ndakala hawezi kuamka asubuhi moja na kuwa mtu wa kununua bila kufikiri.

Magonjwa mawili, mzazi mmoja

Tazama sasa kijana anayechimba coltan upande wa Kisengo, ao dhahabu. Anauza mawe yake siku ya posta, na siku ya pili mfuko umekauka. Nguo mpya, bia kwa marafiki wote, simu kubwa. Mzee anamtazama na kutikisa kichwa. Anajiambia: mimi siko kama huyu.

Kumbe wako sawa kuliko wanavyofikiri. Kijana anamaliza pesa usiku mmoja juu hana imani na kesho: shimo linaweza kuanguka, bei inaweza kuanguka, mwenye bunduki anaweza kutokea njiani. Mzee anafunga pesa katika kitambaa juu yeye pia hana imani na kesho. Mmoja anakula yote, mwingine hali kitu. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, na hakuna kati yao aliyeiambia pesa yake kazi ya kufanya.

Ni hapo shida iko. Akiba haiozi, wahenga walisema. Ni kweli kwa mahindi yaliyokauka vizuri. Lakini wahenga wale wale walisema pia kwamba mali ya bahili huliwa na dudu.

Pesa gani iliyobaki?

Tujiulize swali moja. Katika nyumba za wazazi wetu, baada ya 1979, baada ya 1993, baada ya vita, nini kilibaki?

Kitambaa cha noti hakikubaki. Kilichobaki ni matofali ya kuchoma na mabati, manjanja kama wengi wanavyosema, yaliyonunuliwa moja moja. Ilibaki cherehani ya mama, iliyolisha nyumba wakati baba hakulipwa. Ilibaki wavu na pirogi ya mjomba. Ilibaki diploma ya dada mkubwa. Yaani katika nchi yetu, mara nyingi, pesa iliyotumika vizuri ndiyo pesa iliyochungwa. Ile iliyokaa bila kazi ndiyo iliyokufa.

Na leo bado ni vile. Mwaka 2012, dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilipita franka 2 700. Aliyefunga franka zake mwaka 2012 na kuzifungua mwaka 2024 alikuta noti zote ziko, hakuna iliyoibiwa, lakini kwa dola theluthi mbili zilikuwa zimekwenda.

Utasema: mimi nachunga dola. Vizuri, dola inashikilia zaidi. Lakini karatasi ni karatasi. Siye watu wa Kalemie tumeona ardhi ikitetemeka tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005. Tumeona maji ya ziwa yakipanda mwaka 2021 na tena 2024, mpaka mitaa ya kando ikaingiwa. Maji hayaulizi kama chini ya matela kuko franka ao dola. Na tuseme ukweli wote: nyumba pia inaweza kufa kama umeijenga mahali ambapo ziwa linadai pake. Kwa hiyo kutumia si kununua tu. Ni kuchagua.

Mwili kwanza

Mahali pa kuanza si nyumba wala motokari. Ni mwili. Mchimbaji aliutumia mwili wake kama nyundo na sururu, na hakuna duka linalouza mwingine.

Vumbi la mawe linakaa katika mapafu miaka mingi baada ya kuacha shimo. Kovu linaloacha haliponi, na mtu aliyevuta vumbi hilo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Mzee anayekohoa juma tatu na kusema « itapita » anachunga pesa ya pikipiki ya kwenda hospitali na kupoteza pumzi. Tena dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Kinacholipwa ni safari, vipimo vingine, na chakula cha kumpa mgonjwa nguvu. Ni kwa hivyo pesa ya kitambaa ilichungwa. Kama si kwa hivyo, ni kwa nini?

Sawa vile kwa miwani. Sawa vile kwa hernia ambayo mtu anaifunga na kamba miaka mitano. Sawa vile kwa kipande cha samaki mbichi mara mbili kwa juma. Mama aliyejinyima nyama ili watoto wakue, watoto wamekua. Ile kazi imekwisha, na ameshinda. Anaweza kula sasa.

Kitu kingine kimebadilika: tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya shule ya msingi katika shule za serikali ni bure. Sekondari bado inalipwa, na kuna gharama zingine. Lakini babu aliyekuwa akichunga minervali ya wajukuu sita wa shule ya msingi anaweza kuangalia tena hesabu yake. Labda anachunga juu ya mzigo ambao haupo tena.

Makopo matatu

Mtu haachi tabia ya miaka arobaini kwa siku moja. Njia inayosaidia ni kugawa pesa katika makopo matatu, hata kama kopo ni la akili tu, ao simu, ao daftari la AVEC.

Kopo la kwanza ni la ugonjwa na msiba. Hilo haliguswi. Weka humo kiasi ambacho kitakupa usingizi, kwa mfano chakula cha nyumba cha miezi mitatu. Likijaa, limejaa. Ugonjwa wa mchungaji wa pesa ni kwamba kopo hili halijai hata siku moja. Kila mwaka analipanua. Andika kiasi, na ukifika hapo, simama.

Kopo la pili ni la kazi. Kila franka humo iko na jina: manjanja ya jikoni, mtaji wa mama sokoni, mwaka wa mwisho wa kijana chuoni. Pesa isiyokuwa na jina isikae humo.

Kopo la tatu ni la kuishi, na sheria yake ni kinyume cha la kwanza: lazima liishe kila mwezi. Liwe dogo. Sabuni nzuri, samaki, kikwembe cha mama, pikipiki siku ya jua kali. Mwezi wa kwanza mkono utatetemeka. Mwezi wa tatu utaona kwamba nyumba haijaanguka.

Watu wa likelemba wanaijua siri hii tangu zamani. Katika likelemba, siku yako ikifika, unapokea na unanunua kile ulichosema utanunua, na wenzako wanakuja kukiona. Hakuna anayekuita mtapanyaji. Kutumia kunakuwa heshima, juu kulikuwa na neno kabla yake.

Usifiche kwa mama

Kuko sababu moja zaidi ya kufunga mkono, na wengi hawaisemi: jamaa. Ukipaka nyumba rangi, kesho shemeji iko mlangoni na shida. Ni kweli. Lakini kuvaa viraka ili watu wasikuombe ni kulipa deni ambalo hakuna aliyekudai. Afadhali kuweka kiasi cha kusaidia jamaa kila mwezi, kusema wazi ni hicho tu, na kusema « hapana » kwa heshima kikiisha.

Kitambaa kinachofichwa kwa mke ndicho hatari kuliko vyote. Baba akianguka ghafula, nani atajua pesa iko wapi, simu iko na namba gani ya siri, nani alikopa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Mjane anakaa chini analia, na hana hata ya sanduku, wakati pesa iko katika ukuta mita mbili toka anapokaa.

Basi, baba, mama, leo jioni fungueni daftari pamoja. Andikeni makopo matatu. Halafu andikeni kitu kimoja, kidogo tu, ambacho mtanunua mwezi huu kwa ajili yenu nyinyi wawili, si kwa watoto, si kwa jamaa. Na kabla mwezi haujaisha, kinunueni.