Vicario, Makamu na Luteni

Ndugu askari, likitajwa neno la Kihispania vicario, wengi wetu twadhani ni jambo la mapadri lisilotuhusu. Sivyo. Neno hilo ni jamaa ya vyeo tunavyovipigia saluti kila siku.

Asili yake ni Kilatini, vicarius, yaani mtu akaaye mahali pa mwingine. Halikuzaliwa kanisani. Dola ya Rumi, katika karne ya 4, iliwaita hivyo maofisa waliosimamia majimbo kwa niaba ya wakubwa wao. Kanisa nalo likawapa jina hilo manaibu wa maaskofu. Hata kiongozi wa mapadri wa majeshi ya Hispania aliitwa vicario general castrense, naibu mkuu wa makambini, hadi mwaka 1986.

Mbarara inalifahamu neno hili. Mwaka 1934 iliundwa Vikarieti ya Ruwenzori, chini ya Askofu François Xavier Lacoursière. Hakuitawala kwa jina lake mwenyewe, bali kwa niaba ya Papa. Mwaka 1953 ndipo Mbarara ilipokuwa jimbo kamili, na mwaka 1999 jimbo kuu.

Sasa tutazame mabegani mwetu. Luteni latokana na maneno mawili ya Kifaransa, maana yake mshika mahali. Makamu latokana na Kiarabu, maana yake mahali pa kusimama. Lugha tatu, wazo moja.

Wazo hilo lina uzito huko Nakivale, wilayani Isingiro, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Mama aliyeibiwa chakula chake afikapo kituoni, hamjui waziri wala jaji. Amwona konstebo tu. Kwake yeye, konstebo huyo ndiye serikali. Akiandikiwa maelezo yake kwa haki, serikali imemsikia. Akidaiwa fedha kwanza, serikali ndiyo iliyomwibia mara ya pili.

Sheria ya Kanisa yasema kwamba kiti cha askofu kikibaki wazi, mamlaka ya makamu wake mkuu hukoma, kwa kuwa hayakuwa yake tangu mwanzo. Nasi tukumbuke hivyo hivyo. Sare tumevishwa, bunduki tumekabidhiwa, na mahali tunaposimama ni pa wananchi. Cheo ni dhamana.