Je, Wajua? Naivasha waridi halina msimu

Naivasha, nchini Kenya, iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900. Mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na ubaridi wa usiku huchelewesha tumba kukomaa, nalo hupata muda wa kunenepa. Waridi huchanua mwezi wowote. Kinachopanga msimu ni soko: wakulima hupogoa mapema Desemba, karibu miezi miwili kabla, ili mavuno yaiwahi Siku ya Wapendanao, Februari 14.

Krisanthemamu, ndugu wa pareto, husubiri usiku mrefu ndipo itoe maua. Ulaya huchanua yenyewe kuanzia Septemba. Usiku wa ikweta unaitosha siku zote, kwa hiyo ingechanua ingali fupi. Mkulima huiwashia taa usiku mpaka mashina yarefuke, kisha huzizima.

Tulipu haidanganyiki kwa taa. Tunguu lake lazima lipitie wiki kadhaa za baridi, ndiyo maana nchini Uholanzi tulipu hujaa madukani kati ya Januari na Aprili. Nje ya miezi hiyo, chagua ua jingine.

Ukinunua waridi, minya taratibu sehemu ya chini ya tumba. Likiwa gumu, ni bichi. Likibonyea, limekaa mno safarini. Petali za nje zenye ukijani au mikwaruzo zisikutishe: huachwa makusudi kulinda zile za ndani. Zibandue ukifika nyumbani.