Siku ya ndoa Mbita: Tarehe isiyoandikwa humgharimu nani?

KATIKA miji mikubwa ya Kenya, mke na mume huadhimisha siku waliyofunga ndoa kwa keki, maua na chakula cha jioni hotelini. Katika vijiji vya Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, ni nadra kusikia sherehe ya aina hiyo. Mama aliyeishi na mumewe kwa miaka 30 akiulizwa aliolewa lini, huenda akajibu kuwa ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino, au wakati gugu maji lilipoziba ziwa.

Jibu hilo si la mtu asiyejali ndoa yake. Ni la mtu anayehesabu miaka kwa matukio, kama walivyofanya wazazi wake. Hata hivyo, jibu hilo linaweza kumtia mashakani siku ambayo mumewe amefariki, jamaa wa marehemu wanadai shamba, na hakimu anataka kujua ndoa ilianza lini na nani aliishuhudia.

Ndiyo maana maadhimisho ya ndoa, ambayo wengi mashambani huyaona kuwa anasa ya watu wa mjini, yana uhusiano wa karibu na masuala ya kila siku ya mwanakijiji: shamba, mashua, mifugo, nyumba na watoto.

Kalenda ya ziwa na shamba

Mbita, pamoja na visiwa jirani vya Rusinga na Mfangano, ni makao ya Waluo na Wasuba. Kwa vizazi kadhaa Wasuba wamechanganyika na Waluo kiasi kwamba wengi wao sasa huzungumza Kijaluo, na desturi za ndoa za jamii hizo mbili zimekaribiana sana.

Maisha ya hapa huongozwa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya ziwa. Wavuvi wa omena huingia majini usiku wa giza, kwa sababu samaki hao wadogo huvutwa na mwanga wa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nishati ya jua. Mbalamwezi inapotanda, mwanga wa taa hupoteza nguvu na mavuno hupungua, hivyo wavuvi wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Familia ya mvuvi basi hukutana kwa kufuata mwezi wa angani, wala si mwezi wa kwenye kalenda ya ukutani.

Kalenda ya pili ni ya shamba. Mvua za masika huanza Machi na za vuli Oktoba, na hapo ndipo mahindi, mtama na maharagwe hupandwa. Katika mila ya Waluo, upanzi wenyewe ni jambo la ndoa. Desturi iitwayo golo kodhi, yaani kutoa mbegu, humtaka mwenye boma aanzishe upanzi pamoja na mikayi, mke wake wa kwanza. Baada yao hufuata nyachira, mke wa pili, kisha wengine kwa daraja zao, na wana waliooa hufuata kwa umri. Mavuno nayo yana utaratibu wake.

Kwa mtazamo huo, mume na mke wa kijijini hukumbushwa ndoa yao kila msimu wa kupanda. Majina ya watoto pia hutunza kumbukumbu. Okoth au Akoth alizaliwa mvua ikinyesha, Okeyo wakati wa mavuno, na Okech wakati wa njaa. Mzee anaweza kuhesabu miaka ya ndoa yake kwa kuwataja wanawe kwa mfuatano, bila kufungua kitabu.

Ndoa huanza lini?

Ugumu hujitokeza pale mtu anapotakiwa kutaja siku moja. Ndoa ya kanisani au ya ofisini huwa na siku yake. Mathalani, Tom Mboya, mwanasiasa aliyezikwa katika Kisiwa cha Rusinga baada ya kuuawa Julai 5, 1969, alifunga ndoa na Pamela Odede mnamo Januari 1962, na tarehe hiyo imo katika vitabu vya historia.

Ndoa ya kimila ni safari yenye vituo vingi. Kuna ziara ya kwanza ya upande wa mume. Kuna ayie, kitoleo anachopewa mama ya binti, ambacho jina lake lina maana ya "nimekubali". Kisha kuna keny, yaani mahari yenyewe, ambayo kwa desturi ni ng'ombe, na ambayo inaweza kulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wapo wanaume ambao hukamilisha mahari wakati mabinti zao wenyewe wameshaolewa. Wengine huanza kuishi pamoja kwanza, wakapata watoto, na kufikiria mahari baadaye.

Je, ndoa kama hiyo ilianza siku mke alipofika katika boma, siku ya ayie, au siku ng'ombe wa mwisho alipopelekwa? Ukoo wenye amani hauoni haja ya kuuliza. Ukoo wenye mgogoro hulifanya swali hilo kuwa silaha, hasa inapodaiwa kuwa mahari haikukamilika na kwa hivyo mwanamke "hakuwa ameolewa".

Sheria inasemaje

Sheria ya Ndoa ya 2014 iliyaweka mahali pamoja masharti ya ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kuhusu mahari, sheria hiyo inaeleza kwamba pale inapohitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo ya sehemu ndogo tu ya kuashiria yanatosha. Maana yake ni kwamba ng'ombe waliobaki ni deni la kimila baina ya koo mbili, wala deni hilo pekee halifuti ndoa.

Sheria hiyo pia huwataka waliooana kimila kumjulisha msajili wa ndoa katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha hatua za mila yao. Taarifa hiyo hutiwa sahihi na mashahidi wawili watu wazima, ambao kila mmoja alitekeleza wajibu muhimu wa kimila katika ndoa hiyo. Usajili wa ndoa za kimila ulianza rasmi Agosti 2017, na waliosajiliwa hupewa cheti sawa na wenzao wa kanisani.

Tarehe ina uzito mwingine katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mali iliyopatikana wakati ndoa ingalipo, hata ikiwa imeandikishwa kwa jina la mume peke yake, hudhaniwa kuwa anaishikilia pia kwa niaba ya mkewe, hadi ithibitishwe vinginevyo. Mashua iliyonunuliwa mwaka mmoja kabla ya ndoa na ile iliyonunuliwa mwaka mmoja baadaye haziangaliwi kwa jicho moja.

Sheria hiyo pia inatambua mchango usio wa fedha. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba vyote huhesabiwa. Kwa Mbita, hili ni jambo kubwa: mwanamke anayeanika omena juani, kuipeleka sokoni na kupalilia mtama ana mchango hata kama jina lake halimo kwenye hatimiliki wala kwenye leseni ya chombo. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba hauna maana ya kugawana mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja sharti aonyeshe mchango wake.

Kuishi pamoja hakutoshi

Wengi huamini kwamba wakikaa pamoja kwa miaka kadhaa, ndoa huwa imekamilika yenyewe. Mahakama za Kenya zimekuwa zikikubali dhana ya ndoa kwa watu walioishi muda mrefu kama mke na mume. Lakini katika uamuzi mwingine wa Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba dhana hiyo itumiwe kwa nadra.

Anayedai kulikuwa na ndoa ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha. Hana budi kuonyesha kwamba waliishi pamoja kwa muda mrefu, kwamba wote wawili walikuwa huru kuoana, kwamba walikusudia na kuridhia kuwa mke na mume, na kwamba walijitambulisha hivyo mbele ya watu.

Hapa ndipo sherehe ya kuadhimisha ndoa inapopata thamani isiyotarajiwa. Picha iliyopigwa mbele ya majirani, ibada ya shukrani iliyoandikwa katika kumbukumbu za kanisa, au karamu ambayo wazee wa koo zote mbili walihudhuria, inaweza kuwa sehemu ya ushahidi kwamba jamii iliwatambua wawili hao. Haichukui nafasi ya cheti, lakini humwongezea nguvu asiye nacho.

Makanisa yamechangia kueneza desturi hii. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na Wakatoliki wana Jimbo la Homa Bay tangu 1993. Jubilii ya miaka 25, inayoitwa ya fedha, na ile ya miaka 50, ya dhahabu, ni desturi iliyotoka Ulaya. Lakini wazo la kuwakusanya watu wale pamoja na kutoa shukrani si geni kwa Mwafrika.

Mjane mbele ya ukoo

Kwa sheria ya nchi, ndoa hukoma mmoja wao anapofariki. Kwa mila ya Waluo, mjane hubaki kuwa mke wa marehemu, na hata akirithiwa na shemeji kwa desturi ya tero, watoto atakaowazaa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Wapo wajane wanaoikubali desturi hiyo, na wapo wanaoikataa. Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inahesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa dhuluma.

Mjane mwenye watoto, chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981, ana haki juu ya vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki. Penye wake wengi, mali hugawanywa kwa kufuata nyumba na idadi ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kuwa fungu la ziada. Lakini hawezi kuzidai haki hizo kabla ya kukubaliwa kuwa alikuwa mke.

Cheti nacho hakimalizi kila ubishi. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mkewe Wambui, ambaye walioana kiserikali 1963, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulipinga, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ushindi. Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi hiyo ilihusu maziko, wala si mgao wa mali, lakini iliwafunza wengi kwamba ndoa ya Mluo haiwahusu watu wawili pekee.

La kufanya mapema

Kwa wanandoa wa kimila, hatua ya kwanza ni kuketi na wazee wangali hai na kukubaliana siku ambayo ndoa itahesabiwa kuanza. Pili, waandike majina ya waliopeleka na waliopokea ayie na mahari, pamoja na idadi ya ng'ombe. Tatu, waende kwa msajili wa ndoa wakiwa pamoja, wakiandamana na mashahidi wao. Nne, risiti za mabati, nyavu, mashine ya boti na mifugo zihifadhiwe mahali ambapo wote wawili wanapajua.

Siku hiyo ikishajulikana, si lazima iadhimishwe kwa gharama. Familia ya mvuvi inaweza kungoja mbalamwezi, baba awe nyumbani, ichinje kuku na kuwaita majirani. Watoto watasikia wazazi wao walianzaje, nao mashahidi watakumbushwa walichokiona. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa nayo inastahili daftari lake.