Je, Wawajua Machifu wa Kansas City?

Wahenga walilonga kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nami nilikuwa katika giza totoro hadi muhula wa kwanza, siku nilipoenda sokoni kutafuta fulana ya mitumba ya kuvalia michezo. Niliyoipata kwa shilingi 150 ilikuwa nyekundu, ina picha ya ncha ya mshale kifuani na ndani yake herufi mbili, K na C. Kesho yake nilipoivaa uwanjani wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema ati K na C ni "Kuku na Chapati". Tangu siku hiyo jina langu likawa Kuku Chapati, na nina hakika wako wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiojua jina langu la kweli hata sasa wanaposoma makala haya.

Basi nikaona heri nijue nimevaa nini. Kila Jumamosi nilipita saiba iliyo karibu na steji nikasoma kidogo. Nilikuwa natafuta maana ya herufi mbili tu, lakini nikajikuta nasoma habari za wachezaji wa zamani mpaka pesa zinaisha na mwenye saiba ananiangalia vibaya.

Mpenzi msomaji, usije ukachanganya mambo. Kandanda ya Kimarekani si kandanda yetu. Inakaribiana zaidi na raga: mpira ni wa umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na watu wanaangushana chini. Lakini wao huvaa helmeti na mabega ya kujikinga, na mchezaji mmoja huruhusiwa kuurusha mpira mbele, jambo ambalo kwenye raga refa angepiga filimbi mara moja. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ndiyo maana kila mchezaji wa huko huhesabiwa yadi alizokimbia kama vile sisi tunavyohesabu mabao.

Sasa, KC ni Kansas City na timu yenyewe huitwa Chiefs, yaani Machifu. Usidhani iko katika jimbo la Kansas. La hasha! Uwanja wao wa Arrowhead, uliofunguliwa mwaka 1972, ulijengwa katika jimbo jirani la Missouri. Niliposikia hilo jina la Machifu nilimfikiria chifu wetu wa lokesheni na baraza zake, na kumbe sikuwa mbali sana. Timu ilianza mwaka 1960 huko Dallas, Texas, mwenyewe akiwa tajiri mmoja aitwaye Lamar Hunt. Mwaka 1963 aliihamishia Kansas City baada ya kubembelezwa na meya wa mji huo, H. Roe Bartle. Meya huyo alikuwa na jina la utani. Aliitwa Chifu!

Aliyenishangaza kwanza ni Jan Stenerud. Alizaliwa Norway mwaka 1942, nchi ya theluji, na alienda Marekani kusoma katika chuo kikuu kimoja cha Montana kwa ufadhili wa masomo. Ufadhili wenyewe haukuwa wa mpira. Alikuwa hodari wa ule mchezo wa kuteremka mlima wa theluji kwa kasi, mbao ndefu zimefungwa miguuni, kisha mtu anaruka hewani kama kunguru. Siku moja alikuwa akifanya mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za uwanjani, akashuka kupiga mpira mateke mawili matatu kujiburudisha. Kocha wa mpira wa vikapu akamwona, mbio mbio akaenda kumwambia kocha mwenzake wa kandanda. Siku hizo Wamarekani wengi walipiga mpira kwa ncha ya kiatu. Stenerud aliupiga kwa upande wa mguu kama tunavyopiga sisi hapa.

Alianza kuichezea Chiefs mwaka 1967. Tarehe 11 Januari 1970 timu ikaingia fainali yao kubwa, iitwayo Super Bowl, mjini New Orleans, na watu wengi walitarajia Minnesota Vikings washinde. Pointi 9 za kwanza za mechi hiyo zote zilitoka mguuni mwa Stenerud, mateke matatu yaliyopita katikati ya milingoti, la kwanza likiwa la yadi 48. Mwisho ulikuwa Chiefs 23, Vikings 7. Mwaka 1991 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, akiwa wa kwanza kuingia humo kwa kazi ya kupiga teke peke yake. Cha kuchekesha ni kwamba alimalizia uchezaji wake, mwaka 1984 na 1985, katika hiyo hiyo Vikings aliyoiliza.

Wa pili ni Mwafrika mwenzetu, Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria. Huyu alikuwa mtupaji kisahani, na mwaka 1985 akawa bingwa wa Afrika. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, timu ya Nigeria ya kwenda Olimpiki ya Los Angeles ilipotajwa, jina lake halikuwemo. Mimi ni mtupaji tufe. Najua vile mtu huhisi jina likisomwa hadi mwisho na lake halijatajwa, wakati mguu mmoja tayari umeinuka uende mbele. Okoye alikuwa akisoma katika chuo cha Azusa Pacific, California. Akiwa na miaka 23, umri ambao wengine wamecheza tangu utotoni, ndipo akaanza kujifunza kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao mwanzoni aliuona hauna ladha. Chiefs walimchukua mwaka 1987. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 118 na mbio za mwanariadha, kwa hivyo waliojaribu kumzuia walikuwa na kazi ngumu. Mwaka 1989 alikimbia yadi 1,480, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi nzima. Wakambandika jina la "Jinamizi la Nigeria".

(Sisi pia tuna wetu, ingawa si wa Chiefs. Daniel Adongo, Mkenya mcheza raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kabla hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo.)

Len Dawson nitampitia haraka ingawa wenyewe watanilaumu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mrushaji mpira wa Chiefs siku ile ya 1970 na ndiye aliyetuzwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Wachache wanajua kwamba miaka mitano yake ya kwanza, katika timu za Pittsburgh na Cleveland, aliimaliza karibu yote akikalia benchi. Tena wakati akiichezea Chiefs alikuwa na kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1966 alikuwa msomaji wa habari za michezo katika runinga ya pale pale mjini. Mchana yuko mazoezini, jioni amevaa tai anawasomea watu habari, pengine zake mwenyewe! Aliaga dunia mwaka 2022.

Bobby Bell naye alijiunga na timu mwaka 1963 na akawa kati ya walinzi bora waliowahi kuonekana. Mwaka 1983 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa. Sifa zote alikuwa nazo isipokuwa moja. Alikuwa ameondoka Chuo Kikuu cha Minnesota kabla ya kupata shahada, masomo machache tu yakiwa yamebaki, na alikuwa amemwahidi babake kwamba atamaliza. Baba alikufa, miaka ikapita. Bell akarudi. Mwezi wa Mei mwaka 2015 alivaa joho la mahafali akiwa na miaka 74. Habari hiyo niliiandika kwenye daftari nikamsomea kaka yangu, ambaye karo ilimtoa shuleni akiwa kidato cha pili na sasa ana miaka 23 na husema ameshazeeka. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huyo mzee alikuwa bado na watu wa kulisha?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Halafu kuna Derrick Thomas. Babake alikuwa rubani wa jeshi na ndege yake iliangushwa Vietnam mwezi wa Desemba 1972, Derrick akiwa mtoto wa miaka mitano. Tarehe 11 Novemba 1990, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka wanajeshi wao wa zamani, Chiefs walicheza na Seattle. Thomas alimwangusha mrushaji mpira wa Seattle mara saba kabla hajaurusha, na rekodi hiyo haijavunjwa. Lakini sikilizeni mwisho wake. Sekunde za mwisho kabisa alimfikia mara ya nane, mikono tayari imemgusa. Yule mrushaji akapepesuka, akaponyoka, akaurusha mpira, na Seattle wakashinda 17 kwa 16. Mtu na rekodi yake akaenda nyumbani ameshindwa. Thomas huyu alianzisha pia mpango wa kuwasomea watoto vitabu Jumamosi katika maktaba. Alifariki Februari 2000, akiwa na miaka 33, wiki chache baada ya ajali ya gari katika barabara yenye theluji. Hakuwa amefunga mkanda. Nami tangu nisome hayo nafunga mkanda kwenye matatu, hata ule uliochakaa ambao makanga hucheka akiuona.

Yote hayo niliyasoma nikifurahia. Lakini Jumamosi niliyofika kwa Joe Delaney niliondoka saiba dakika zangu zikiwa bado.

Wale wanaotumia njia ya nyuma ya shule kwenda nyumbani mnayajua machimbo ya mawe. Mvua ya masika ikinyesha hujaa maji, na watoto huogelea humo. Likizo ya Aprili mwaka jana mtoto wa jirani yetu, wa darasa la tano, aliingia pale karibu na ukingo ambapo maji hufika magotini. Hatua mbili mbele chini hakuna kitu. Wenzake walipopiga mayowe tulikimbia watu kama kumi, watu wazima na vijana, na mimi nikiwemo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Tulisimama. Mwanamume mmoja alienda kutafuta kamba madukani, na aliporudi haikuwa na maana tena. Mamake hununua mboga kwetu na hajawahi kuniuliza lolote, lakini akija mimi huingia ndani.

Delaney alikuwa mkimbiaji wa Chiefs. Alikulia Haughton, mji mdogo wa Louisiana, na mwaka wake wa kwanza, 1981, alikimbia yadi 1,121. Alivaa jezi nambari 37. Tarehe 29 Juni 1983 alikuwa katika bustani ya watu wote mjini Monroe. Hapo palikuwa na shimo kubwa lililoachwa na wajenzi, likajaa maji ya mvua, pembeni kina kifupi na mbele kirefu cha ghafla. Yaani machimbo yetu kabisa. Wavulana watatu wakaingia, wakazidiwa, wakapiga mayowe. Watu walikuwepo wengi. Delaney akakimbia akajitosa ndani.

Hakujua kuogelea. Hilo ndilo jambo wasilolijua wengi wanaomsifu kwa kasi yake, na yeye mwenyewe alilijua vizuri kabla ya kuingia. Mvulana mmoja alitoka salama. Wawili walikufa, na Delaney akafa pamoja nao. Alikuwa na miaka 24, mke, na mabinti watatu. Rais Ronald Reagan alimtunukia nishani baada ya kifo chake. Chiefs hawakuistaafisha rasmi nambari 37, ila hawakumpa mchezaji mwingine aivae. Kwa jina lake watoto wa huko wamefundishwa kuogelea.

Nilifikiria sana juu ya jambo hili. Wakati mwingine naona Delaney alinishinda kwa yote, kwamba mimi nilisimama na yeye hakusimama. Wakati mwingine naona mabinti watatu. Mwalimu wetu wa zamu, ambaye alikulia kando ya ziwa na huogelea tangu utotoni, aliniambia kuwa hata anayejua kuogelea huweza kuzamishwa na anayezama, maana humkumbatia kwa nguvu za ajabu. Akasema cha kwanza ni kumtupia kitu kinachoelea, kiwe kimefungwa kamba, umvute ukiwa umesimama nchi kavu. Dumu tupu la mafuta lenye kifuniko linatosha kabisa.

Kwa hivyo ukipita machimbo utaona mti ulio kando ya maji una msumari, na kwenye msumari limening'inia dumu la njano la lita 20 na kamba ya katani ya mita 15. Mimi na kaka yangu ndio tuliolitundika. La kwanza liliibwa baada ya siku nne, nadhani mtu alienda nalo kutekea maji. Hili la pili tumelitoboa tundu dogo karibu na mdomo ili lisifae kwa maji, lakini likitupwa linaelea. Tulijaribu. Tafadhali msilichukue.