Ukinzani wa Buni Changa dhidi ya Chulebuni

Katika Kiswahili, mti huitwa mbuni, tunda lake huitwa buni, nacho kinywaji huitwa kahawa. Ugonjwa ambao wataalamu wa Tanzania huuita chulebuni umepewa, basi, jina linalosadifu: hushambulia buni, hasa ingali changa na ya kijani. Makala haya yanafafanua jinsi baadhi ya mibuni inavyoukinza ugonjwa huu kwa nguvu za urithi, na kwa nini jambo hilo ni zito kwa mkulima wa Kenya.

Chulebuni uliripotiwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mnamo mwaka wa 1922, na hadi leo haujavuka mipaka ya bara la Afrika. Unasababishwa na kuvu iitwayo Colletotrichum kahawae, ambayo hustawi katika mvua na baridi ya nyanda za juu. Matone ya mvua huzisambaza mbegu zake. Zikitua juu ya buni inayonenepa, huota, hupenya ngozi na kuacha doa jeusi lililobonyea. Hatimaye buni huoza na kuanguka, au hukaukia mtini. Pasipo udhibiti, mkulima aweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Dawa zipo, lakini sharti zinyunyizwe mara kadhaa kila msimu, na gharama yake humlemea mkulima mdogo.

Mbuni wenye ukinzani hauizuii kuvu kuitua buni, bali huizuia kusonga mbele. Seli zilizo chini ya mahali palipopenywa hujijengea tabaka gumu mfano wa gamba la mti. Kuvu huzingirwa humo, na doa hubaki kovu dogo la juujuu. Katika mbuni usio na ukinzani, tabaka hilo huchelewa au hukosekana, nayo kuvu huenea hadi ndani.

Uwezo huu hurithiwa. Mwaka wa 1980, watafiti van der Vossen na Walyaro walieleza jeni tatu zinazohusika: R, ipatikanayo katika aina ya Rume Sudan; T, itokanayo na mbuni chotara wa kisiwa cha Timor; na k, iliyomo katika aina ya K7. R na T hujidhihirisha hata zikirithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu, ilhali k sharti itoke kwa wazazi wote wawili. Aidha, watafiti hawakulazimika kungoja miaka hadi mti uzae. Waligundua kwamba kikonyo cha mche mchanga kikiambukizwa kuvu, huonyesha baada ya wiki chache kiasi cha ukinzani utakaokuwamo katika buni.

Kutokana na juhudi hizo, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, kisha Batian mwaka wa 2010. Hata hivyo, wakulima wengi wangali na SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa katika miaka ya 1930, ambazo zasifika kwa ladha lakini hushambuliwa kwa urahisi. Kung'oa miti hiyo ni kukaa miaka bila mapato. Ndiyo maana baadhi yao hupandikiza vikonyo vya aina mpya juu ya visiki vya zamani, ili mizizi iliyokwisha kukomaa iharakishe mavuno.

Ifahamike kwamba ukinzani si kinga kamili. Jeni moja pekee ni komeo moja mlangoni. Adui akilizoea, nyumba i wazi. Kwa sababu hiyo, wazalishaji wa mbegu hukusudia kuunganisha jeni kadhaa katika mti mmoja. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mkulima wa kahawa, kinga hiyo huanzia katika mbegu anayoichagua, kabla hata ya kununua dawa.