Vyama vya katikati na miungano: Somo la FORD-People kutoka Gusii

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, wapiga kura wa Kisii na Nyamira huulizwa swali lile lile: je, jamii iwe na chama chake, au ijiunge na muungano mkubwa tangu mwanzo?

Jibu limo katika historia ya FORD-People, chama kilichozaliwa 1997 kutokana na mgawanyiko wa FORD-Asili. Kilipata umaarufu Gusii baada ya aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Simeon Nyachae, kujiuzulu kutoka serikali ya KANU mnamo Februari 1999 na baadaye kukifanya jukwaa lake.

Mwaka wa 2002, Bw Nyachae alishiriki katika mashauriano ya upinzani ya kutafuta mgombea mmoja wa urais. Hata hivyo, Bw Raila Odinga alipotangaza katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Oktoba 14 kwamba Bw Mwai Kibaki anatosha, Bw Nyachae alikataa uteuzi huo, akajitenga na kuwania peke yake, kati ya KANU na NARC.

Matokeo yalikuwa na sura mbili. Gusii ilimpa kura kwa wingi na kuwachagua wabunge wengi wa FORD-People, chama kilichopata viti 14 kote nchini. Lakini katika urais aliibuka wa tatu kwa takriban asilimia 6 pekee.

Sababu haikuwa fumbo. Sheria ya wakati huo ilimtaka mshindi apate kura nyingi kuliko wenzake, na pia angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Gusii ilikuwa sehemu tu ya mkoa wa Nyanza. Hata kama kila mpiga kura wa eneo hilo angemuunga mkono, mikoa mingine minne ingebaki.

Thamani ya wabunge hao ilionekana baadaye. NARC iliposambaratika kwa mizozo ya ndani, Rais Kibaki alihitaji marafiki bungeni. Katikati ya 2004 alimteua Bw Nyachae kuwa Waziri wa Kawi, bila chama chake kuwa kimeshinda uchaguzi.

Lakini ushirika huo ulikuwa na gharama. Mnamo 2007, FORD-People ikiwa upande wa PNU, kura za Gusii ziligawanyika na Bw Nyachae akapoteza kiti cha Nyaribari Chache. Mnamo 2016 chama chenyewe kilivunjwa na kumezwa na Jubilee. Bw Nyachae alifariki Februari 2021.

Mambo kama haya hayapatikani Kenya pekee. Nchini Ufaransa, Bw François Bayrou aliibuka wa tatu katika uchaguzi wa urais wa 2007 kwa zaidi ya asilimia 18, kisha akaunda chama cha MoDem. Chama hicho kiliingia serikalini 2017, baada yake kumuunga mkono Bw Emmanuel Macron.

Katiba ya 2010 imezidisha uzito wa miungano. Sasa mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi. Kisii na Nyamira ni kaunti mbili tu.

Hivyo basi, chama cha nyumbani huipa jamii sauti ya kujadiliana, wala si ufunguo wa Ikulu. Jambo la kuuliza ni lini kijadiliane, kwa masharti gani, na kama mwananchi wa kawaida atanufaika au ni kiongozi pekee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ajue anainamia nini.