Mchoro wa Mji Huanzia Kwenye Mkutano wa Kijiji

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini ikiwa na wakazi takriban 411,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu takriban 765,000. Mji unapokua kwa kasi hiyo, vijiji vya pembezoni hugeuka mitaa kabla wenyeji hawajatambua. Mashamba hukatwa vipande, nyumba huota, na njia ya gari huishia kwenye ukuta wa jirani.

Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Katika masuala ya ardhi ya miji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji kuwashirikisha wenye ardhi na wadau wengine inapoandaa mpango.

Je, mwananchi ashiriki vipi? Kwanza, ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanawake kwa wanaume. Pili, aikague rasimu ya mchoro inapotolewa na kutoa maoni au pingamizi lake kwa maandishi. Tatu, awepo uwandani pamoja na majirani zake mipaka inapotambuliwa.

Mtaalamu hujua vipimo. Mwenyeji hujua maji ya masika yanapopita, makaburi yalipo na njia inayotumiwa na mifugo. Elimu hizo mbili zisipokutana, zahanati huweza kupangwa bondeni.

Hata hivyo, kushiriki ni pamoja na kukubali kutoa. Barabara ya mtaa haina budi kupita kwenye ardhi ya mtu. Ni heri mita chache zilizokubaliwa mkutanoni kuliko nyumba nzima kuwekewa alama ya kubomolewa baadaye. Mchoro ukishaidhinishwa na mawe ya mipaka kusimikwa, kuubadilisha huhitaji taratibu ndefu na gharama.

Ndugu msomaji, soma ubao wa matangazo wa kijiji chako, muulize Afisa Mtendaji tarehe ya mkutano ujao, na uhakikishe hoja yako imeandikwa kwenye muhtasari. Wahenga walikwisha kutuonya: asiyekuwepo na lake halipo.